Nilivyowaingiza Wajapani Majikoni

La, Kijapani sikijui. Hata neno la kuombea maji silijui. Na skuli sikwenda, nlisoma juzuu zangu mbili tatu basi, kwa hivyo usinitizame hivyo, "Bibi, we televisheni ulifanyaje?" Nlifanya kwa mdomo. Mdomo huu huu unaousikia.

Nyinyi wanangu mloanza kazi hii sasa nnakuoneni. Mnaingia nyumba ya mtu simu iko mbele, kama aliyekuja kusoma mita ya umeme. Hamjavua viatu mshaanza kuchukua picha. Halafu mnalalamika, "Bibi, watu wa Maskati wagumu, hawasemi." Watasema na nani? Na simu?

Ngojeni nikwambieni.

Kwao Wajapani habari ya jioni ina sehemu mbili. Kwanza zile nzito: vita, mawaziri, tetemeko, mvua iliyochukua daraja. Zikisha hizo, mtangazaji anavuta pumzi, anajichekesha kidogo, ndo zinakuja habari za watu. Mzee anashona miavuli iliyochanika. Paka kazaa ndani ya duka la viatu. Mama anapika supu moja tu tangu alipoolewa na foleni iko mpaka njiani. Watu kule wanarudi makazini wamechoka, wanakula wali wao, wanatizama mtu mwengine anaishije. Mwanamke wao mmoja, Tomoko, ndo alokuwa akizitafuta habari hizo, na kila baada ya mwaka au miwili akitumwa Maskati wiki moja, yeye na mchukuaji picha wake, Bwana Ishida. Na nani akiwaingiza majumbani? Mie.

Ilianza kwa marehemu mume wangu, Khalfan. Alikuwa dereva wa wageni. Siku hiyo karudi mchana, honi inapigwa nje kama kuna harusi. "Mama Nasor! Mama Nasor! Nna Mjapani garini anasema Kiswahili!" Nkamwambia, jua limekupiga. Nkatoka. Nkamkuta msichana mwembamba, kofia kubwa, ananiinamia mpaka nkadhani kaangusha kitu. "Shikamoo bibi. Samahani sana bibi. Tunaomba kuona jiko." Kiswahili cha bara kabisa! Kumbe alikaa Tabora miaka miwili akisomesha hesabu. Khalfan alishampeleka nyumba tatu, wanaume wamemkaribisha vizuri barazani, kahawa, tende, halwa, lakini jikoni hapiti mtu. Nkamwambia, we ukitaka jiko utaombaje kwa mwanamme? Yeye mwenyewe jikoni mwake anaingia kwa ruhusa.

Basi nkavaa baibui langu nkenda nao. Sikutoka tena katika kazi hiyo mpaka ilipokwisha yenyewe.

Kosa langu la kwanza ntakwambieni, maana mnapenda kucheka. Nyumba moja ya watu wakubwa, Wamanga asli, Waarabu wa huku huku, tumekwenda kuchukua picha ya ubani unavyofukizwa. Mie nkapita ndani kwa wanawake na Tomoko, nkamwacha Bwana Ishida barazani na babu mwenye nyumba. Nkasahau kumwambia jambo moja tu: ukitosheka na kahawa, utikise kikombe. Ukikirudisha vivi hivi, maana yake niongeze. Sasa Mjapani kafunzwa kwao usiache kitu kikombeni, utamvunjia heshima mwenyeji. Na babu kafunzwa kwake usimwache mgeni na kikombe kitupu. Wewe! Wamekaa wawili hao, hawajuani lugha, huyu anamimina, huyu anakunywa. Huyu anamimina, huyu anakunywa. Babu ananambia baadaye, kwa sauti yake ile ya kwenye pua, "Mgeni wako huyu, wallahi, ni ngamia." Tulipotoka na chetezo ili akichukue, Bwana Ishida macho yamemtoka, mikono inamcheza. Chetezo kwenye picha kilikuwa kinaruka kama kimepakiwa juu ya gari ya punda. Tomoko ananiuliza kwa adabu, "Samahani bibi, moshi wa huku unatetemeka?"

Tangu hapo nkawa nakwenda na sheria zangu. Zichukueni, mie sina kazi nazo tena. Kamera ikifika ilazwe chini, ifunikwe kitambaa kama mtoto mchanga, isahauliwe. Kula kwanza. Usimwombe ruhusa mke wa mwana, muombe mamake mume, na umuombe kitu ambacho yeye anajua kuliko mkewe mwana, hapo hata mlango wa stoo utafunguliwa. Na uso hatuchukui mpaka mwenyewe atake. Mikono tu. Mwanzo Tomoko aliniona namzuia, baadaye akaipenda mikono kuliko sura. Mikono inakanda, mikono inachagua mchele, mikono ya bibi arusi haijakauka hina. Kule kwao waliwajua wanawake wa Maskati kwa mikono, na wakawa wakiuliza, yule mwenye pete ya fedha hajambo?

Lakini kubwa ni sauti. Mtu akiona kamera sauti yake inavaa nguo za Idi. Kuna mwanamke mmoja kule Wadi Kabir, mtaani kwetu, fundi wa samaki wa nazi, siku zote ukipita nje unamsikia, "Toka hapo we mtoto! Kitunguu kinaungua!" Kamera ilipofunuliwa tu, huyo kawa khatibu. "Awali ya yote... tunachukua... kitunguu chetu." Tomoko anasema, "Bibi, samahani, tena." Tena, tena, mara sita, na samaki keshavunjika. Nkenda nje ya dirisha, nkaita kwa sauti ya mumewe, nzito ya tumbaku, "Mama watoto! Wali wa jana ule ulikuwa mbichi!" Hakugeuka kutizama. "Kama mbichi kapike mwenyewe!" Mwiko umepiga kwenye sufuria, taf! Bwana Ishida kaupata mzima. Kipande hicho Tomoko aliniambia kilirudiwa kule mara tatu kwa kuombwa.

Ndo kazi yangu ilivyokuwa. Nliwaigiza waume, wakwe, majirani, muadhini aliyeugua mafua, mpaka mtu akicheka sauti yake ya kila siku inamrudia. Hamna mashine ya kufanya hivyo. Siku hizi nnaona mmebadilika, hamna taa kubwa, hamna waya, kila mwanamke kaiegemeza simu yake kwenye kopo la sukari anajichukua mwenyewe. Vizuri. Lakini sauti zote za Idi, siku saba za wiki.

Sasa nkwambieni langu.

Khalfan akafariki. Mwanangu Nasor, na ndo huyo huyo mmoja, akapata kazi wizarani, akaoa, akahamia Al Khuwair, ghorofa ya sita. Chumba changu kilikuwapo, simsingizii. Karibu na mashine ya kufulia, lakini kilikuwapo. Nkamwambia ntakuja baada ya Ramadhani. Halafu nkasema baada ya joto. Yeye akawa anauliza, akawa anauliza kidogo, akawa haulizi. Nkabaki Wadi Kabir, huku gereji, huku gereji, wapiga bati kutwa.

Na kwetu mnajua. Mama hakai peke yake. Akikaa peke yake hawamsemi mama, wanamsema mtoto. "Yule wa wizarani? Kamtupa mamake." Mie mwanangu asemwe? Basi nkamfichia. Mtu wa gesi akibisha, nnakohoa kikohozi cha Khalfan, "Nani huyo?" Halafu naita, "Nasor, hebu tizama mlangoni!" Halafu najijibu kwa sauti ya Nasor, nikiwa chumba cha pili, "Nnakuja, mama!" Kisha natoka mwenyewe nikinung'unika, mwanamme gani huyu kuvaa kanzu saa nzima. Jirani yangu Bi Rukia akinambia, "Nyumba yako we ina baraka, haikauki watu." Nasema, Alhamdulillahi.

Mwanzo nlikuwa nikifanya mtu akibisha. Baadaye nkawa nafanya bila ya kubishwa.

Nasor mwenyewe akipiga simu Ijumaa baada ya sala. Kwa Kiarabu, maana mkewe na watoto Kiswahili hawana, na yeye ulimi ushamhama. Hali yako mama, nzuri, alhamdulillahi, haya. Chai haijapoa keshakata.

Kwa hivyo mfahamu, Tomoko akija ile wiki moja ilikuwa ndo mwaka wangu. Nnatoka asubuhi, narudi jua limekuchwa, nimekula majumba matatu, nimecheka, nimegombwa. Na katika miaka yote hiyo hakuwahi kuingia kwangu. Nlikuwa nikimngojea pale dukani pembeni. "Bibi, nyumbani hawajambo?" Hawajambo, wamejaa tele.

Safari ya mwisho alikuja nywele zimeanza mvi, na mie nkamtania, nkamwambia na wewe sasa tukuchukue mikono. Hakucheka sana. "Bibi, samahani. Safari hii tunatafuta mzee anayeishi peke yake." Akanambia kule kwao wako wengi, na habari zao ndo watu wanazipenda, wanawaandikia barua. Wakubwa wake wanataka wa Maskati pia, waone huku anaishije.

Nkamwambia, "Huku hayuko."

"Hata mmoja, bibi?"

"Hata mmoja. Sie hatuwatupi wazee wetu."

Nlisema hivyo, na kichwa juu.

Akaniambia pole pole kwamba wasipompata, ofisi inataka mwakani waende nchi nyengine, kazi ya Maskati ifungwe. Hakusema kwa kunitisha. Alisema kama mtu anayekuaga.

Nkatafuta. Siku nne. Nkabisha milango ambayo najua ndani yake mna mtu mmoja na redio. "Peke yangu? Mie? Mwanangu katoka sasa hivi tu." Sasa hivi, na mlangoni jozi moja ya ndara. Nkakumbuka Bi Zuwena wa Qurayyat, mjane, wanawe wote wako mjini, kila mtu anajua. Nkampigia simu, akakubali. Tukenda. Tunafika, mlangoni viatu ndara sijapata kuona, utadhani msikiti siku ya Idi! Mabinti zake walisikia, wakapakia magari matatu ya wajukuu usiku ule ule. Watoto wanaruka juu ya mito, sahani la wali la watu kumi, na Bi Zuwena katikati kama bibi arusi, kapambwa. Binti mkubwa anasimama mbele ya Bwana Ishida, "Hapa mama hakai peke yake hata dakika. Chukua, chukua! Chukua na huyu!" Bwana Ishida kachukua, atafanyaje.

Nkamwendea Bi Zuwena kumuaga. Akanivuta kichwa. "Shoga, wale wawili wenye fulana za njano siwajui hata majina yao." Halafu akanambia, "Wajapani wako hawawezi kukaa wiki? Waje kesho tena. Na kesho kutwa. Waambie picha haikutoka vizuri."

Tukarudi. Tumefika karibu na mjini nkasema, "Nna mwanamke mmoja namjua. Wadi Kabir."

Tomoko akageuka. "Atakubali, bibi?"

"Atakubali. Lakini aonekane huko kwenu tu. Huku asionekane na mtu."

Akaniahidi, na nnajua aliahidi kwa moyo safi.

Kesho yake niliwakuta dukani kama kawaida, nkawapeleka mpaka mlangoni, nkatoa ufunguo mfukoni mwangu. Mlango huo Tomoko aliuona siku ile ya honi tu, keshausahau. Kautizama ufunguo. Kanitizama mie. "Samahani bibi... hapa ni kwa nani?"

"Vua viatu uingie," nkamwambia, "na huyo mwambie kahawa atikise kikombe."

Basi nlijikalisha jikoni kwangu, kamera imelazwa chini, imefunikwa, tumekula kwanza, kila kitu kwa sheria. Ilipofunuliwa, wanangu, nani alivaa nguo za Idi? Mie! Mie niliyewavua wote! "Awali ya yote... tunachukua... kitunguu chetu." Najisikia mwenyewe, natamani kujizaba kibao. "Bibi, samahani, tena." Tena. Hakuna wa kwenda nje ya dirisha kuniitia.

Mara mlango ukabishwa, mtu wa gesi. Nami sikufikiri. Nkakohoa kile kikohozi. "Nani huyo?" Nkaita, "Nasor, hebu tizama mlangoni!" Nkajijibu. "Nnakuja, mama!"

Tomoko alisimama akachungulia chumba cha kwanza, akachungulia cha pili. Akarudi akakaa mkekani, magoti pamoja, mikono juu ya magoti. Bwana Ishida hakuizima kamera.

Nkasema ndo nshavuliwa, basi tena. Nkawapa nyumba nzima. Nkawapa Khalfan anavyoulizia miwani yake iko juu ya kichwa. Nkawapa Bi Rukia anavyoazima chumvi na kuondoka na sukari. Nkawapa Nasor anaingia, "Mama, nna njaa! Mama, umepika nini? Mama, nnatoka!" Tomoko kacheka mpaka kashika ubavu, kisha nikaona hacheki tena na mie bado naendelea. Na uso wangu walichukua. Nliutaka mwenyewe.

Baadaye alinipigia kunisomea barua za huko. Mzee mmoja kaandika kwamba tangu aone kipande kile na yeye anamjibu mkewe, na mke alishafariki zamani. Tomoko akasema ofisi imefurahi, mwakani wanarudi, wanataka wanione tena. Nlikaa na furaha hiyo kama wiki tatu.

Sikujua kwamba kitu kikiingia kwenye simu hakina kwao. Mtu wa kule kakirusha, kikamfikia mtu, kikamfikia mtu, mpaka Al Khuwair, wizarani, meza ya jirani na ya Nasor. "Bwana, huyu si mama yako? Anachekesha huyu!"

Nasor alikuja Jumanne. Jumanne, si Ijumaa, na saa za kazi. Kakaa alipokuwa akikaa babake, katoa simu, kakiweka kipande kile mbele yangu tukitizame wote wawili. Nlikuwa nimeshajitayarishia majibu. Akisema nimemwaibisha, ntasema chumba kiko karibu na mashine. Akisema nimewaonyesha watu, ntasema Wajapani si watu wa huku. Kilipokuja kikohozi cha babake, alicheka. Kwa Bi Rukia alicheka kwa sauti. Ikaja zamu yake, hakucheka. Akakirudisha nyuma, akakisikiliza tena. Akakirudisha tena.

Sasa nimehamia kwake, ghorofa ya sita, mashine nnaisikia. Asubuhi wote wanatoka, mchana nnakaa na hewa baridi. Tomoko alipiga, sikupokea. Akapiga tena, nkamwambia Maskati imekwisha, nendeni nchi nyengine. Haikuwa kwa ajili ya aibu. Na mmeona wenyewe, leo nimekuigizieni kila mtu, Tomoko wa Tabora, Bi Rukia, babu wa kahawa. Nasor nimekusimulieni alivyosikika kwenye kipande kile, mwenyewe hasa simwigizi. Jioni akirudi nnakaa pembeni nnamsikiliza anavyosema na watu kwenye simu.

Na Jumanne ile hakunigombeza, msije mkadhani. Alizima simu yake, akaitia mfukoni, akainuka, na akiwa anavaa viatu mlangoni akaniambia kwa Kiswahili:

"Wote umewapatia sawasawa, mama. Mie hunijui."